Gofu Katika Mwaka wa Korona

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa kila mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa nieleze jinsi janga la korona lilivyovuruga msimu wa gofu ya kulipwa mwaka 2020. Najua baadhi ya vijana wamekwisha kuguna kimoyomoyo kwamba mzee huyu atatuzungumzia mchezo wa matajiri. Tena katika Kiswahili chetu neno lenyewe halina bahati, maana gofu ni mchezo, na gofu pia ni nyumba iliyobomoka ikabaki kuta. Nawaomba mnivumilie. Nimefanya kazi ya ukarani katika klabu ya gofu kwa miaka mingi, na nimeona kwamba mchezo huu una watu wengi kuliko wale wanaotokea kwenye picha za magazeti. Mwaka 2020 maana zile mbili za neno zilikutana, na hapo ndipo ilipoonekana ni kuta zipi zilizosimama na ni zipi zilizoanguka.

Kwanza niwaeleze vijana jinsi kazi hii inavyokwenda. Mchezaji wa kandanda aliyeandikwa na timu hupata mshahara wake hata akikaa benchi. Mcheza gofu wa kulipwa hana mshahara. Yeye hulipwa kwa nafasi anayomaliza. Mashindano ya kawaida huchukua siku nne, mashimo 18 kila siku. Baada ya siku mbili walio nyuma hukatwa, na aliyekatwa kwa kawaida hurudi nyumbani mikono mitupu, huku nauli na malazi vikiwa juu yake mwenyewe. Pamoja naye yuko kedi, yaani yule anayebeba mfuko wa fimbo, anayepima umbali na kumshauri mchezaji fimbo ya kutumia. Kedi hulipwa na mchezaji. Basi mashindano yakifutwa, mnyororo wote unakatika kwa siku moja.

Na kweli ulikatika. Juma ambalo dunia ya gofu ilisimama ni lile la tarehe 12 Machi 2020. Juma hilo palikuwa na mashindano mawili ambayo napenda tuyaweke sambamba, moja la kwetu na moja la Marekani.

La kwetu ni Kenya Open, lililopangwa kuchezwa katika uwanja wa Karen, Nairobi, tangu tarehe 12 hadi 15 Machi. Mashindano haya yalianza mwaka 1967. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda hapa mwaka 1978, na Ian Woosnam wa Wales akashinda mwaka 1986, wote wawili kabla hawajavaa lile koti la kijani la ubingwa wa Masters. Mwaka 2019 mashindano yetu yalipanda daraja, yakaingia katika mfululizo mkuu wa Ulaya, ambao siku hizi huitwa DP World Tour. Kwa hiyo mwaka 2020 ungekuwa mwaka wa pili wa heshima hiyo. Siku chache kabla ya kuanza, serikali ilisimamisha mikutano yote ya kimataifa kwa siku 30, na Kenya Open ikaahirishwa. Wakati huo palikuwa hapajatangazwa mgonjwa hata mmoja nchini. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi, siku ambayo ingekuwa ya pili ya mashindano. Hapana shaka serikali ilifanya jambo la busara. Lakini wako Wakenya waliokuwa wamehenyeka miezi mingi katika mfululizo wa nyumbani wa Safari Tour ili wapate nafasi ya kupambana na wageni hao. Kwao juma lile lilikuwa ndilo juma la mwaka.

Sasa tuvuke bahari. Siku ile ile ya tarehe 12 Machi, kule Ponte Vedra Beach katika jimbo la Florida, mashindano ya The Players yalianza. Fungu la zawadi lilikuwa dola milioni 15. Hideki Matsuyama wa Japani alicheza raundi ya kwanza kwa mikwaju 63, tisa chini ya kiwango cha uwanja, akaongoza. Usiku huo mashindano yakafutwa. Ile 63 yake ikawa si kitu, kama mtihani uliosahihishwa kisha karatasi ikachanwa. Hata hivyo, wenye mashindano walichukua nusu ya fungu, dola milioni 7.5, wakaigawa sawasawa kwa wachezaji. Kila mmoja alipata dola 52,083, aliyeongoza na aliyekuwa mkiani. Shikeni hesabu hiyo, nitairudia.

Baada ya hapo kalenda ilianguka kama ukuta wa udongo wakati wa masika. Masters, ambayo huchezwa Aprili wakati maua ya Augusta yamechanua, ilisogezwa hadi Novemba. Mashindano ya PGA ya Marekani yalitoka Mei yakaenda Agosti, na US Open ikatoka Juni ikaenda Septemba. The Open ya Uingereza, iliyokuwa ichezwe katika uwanja wa Royal St George's, ilifutwa kabisa tarehe 6 Aprili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita Kuu ya Pili. Shane Lowry wa Ireland, aliyeshinda mwaka 2019, akakaa na kikombe miaka miwili badala ya mmoja. Kombe la Ryder kati ya Marekani na Ulaya lilisogezwa mwaka mzima, na Michezo ya Olimpiki ya Tokyo kadhalika. Hata viwango vya dunia vya wachezaji viligandishwa Machi, vikaanza kuhesabiwa tena Juni.

Wa kwanza kurudi uwanjani kwa uzito walikuwa wanawake wa Korea Kusini, waliocheza ubingwa wao kuanzia tarehe 14 Mei. Wanaume wa Marekani walirudi tarehe 11 Juni huko Fort Worth, Texas, siku 91 baada ya ile raundi ya Florida. Ulaya ilianza Julai nchini Austria, kisha yakafuatana mashindano sita katika Uingereza na Wales, ili wachezaji wasivuke mipaka mara kwa mara. Kila mmoja alipimwa kabla ya kusafiri na alipofika. Watazamaji hawakuwako.

Vijana, mcheza gofu husikia habari za uwanja kwa masikio. Kelele zikipanda upande wa shimo la 16, aliye shimo la 14 anajua kwamba mwenzake amefanya jambo, naye hubadili mipango yake. Mwezi wa Agosti huko San Francisco, Collin Morikawa, kijana wa miaka 23, alikuwa amebanwa na kundi la washindani siku ya mwisho. Kwenye shimo hilo la 16 alipiga mkwaju mmoja wa mbali, mpira ukaenda ukasimama karibu kabisa na shimo. Huo ndio mkwaju uliompa ubingwa. Katika mwaka mwingine mji wote ungetetemeka. Mwaka ule walisikika watu wachache tu wakipiga makofi. Novemba, huko Augusta, Dustin Johnson alishinda Masters kwa mikwaju 268, ishirini chini ya kiwango, na hakuna aliyewahi kufikia hesabu hiyo katika mashindano yale. Naye alimaliza karibu kimya kimya. Kwa kuwa siku za Novemba ni fupi, wachezaji walianzia shimo la kwanza na la kumi kwa wakati mmoja. Wanawake nao walicheza US Open yao mwezi Desemba huko Houston, wakatumia viwanja viwili kwa ajili ya ufupi wa mchana, na A Lim Kim wa Korea Kusini akashinda huku amevaa barakoa.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa magazetini. Mtu akiyasoma atasema: basi, kalenda ilivurugika, ikapangwa upya, mabingwa wakapatikana. Mimi nasema hiyo ni habari ya ghorofa ya juu. Nyumba hii ina ghorofa tatu, na janga halikuzipiga sawasawa.

Ghorofa ya juu ni ya wale waliokuwa na kadi, yaani haki ya kucheza katika mfululizo mkuu. Viongozi waliona kwamba si haki mtu apoteze kadi kwa sababu ya miezi ambayo hakupewa nafasi ya kucheza. Kwa hiyo waliokuwa nazo waliendelea nazo hadi mwaka 2021. Uamuzi huo una utu ndani yake. Lakini ghorofa ikijaa na hapana anayeshuka, aliye chini atapandia wapi?

Hiyo ndiyo ghorofa ya kati. Huko Marekani kuna mfululizo wa daraja la pili, Korn Ferry Tour, ambao kila mwaka walio bora hupandishwa. Mwaka 2020 hakupandishwa mtu, na misimu miwili ikaunganishwa kuwa mmoja. Ulaya nayo ilifuta yale mashindano ya kutafuta kadi ambayo hufanywa kila mwaka. Kijana mmoja Mmarekani, Will Zalatoris, alikuwa akiongoza daraja hilo la pili. Mwaka wa kawaida angepanda. Ilimbidi aingie kwa mlango wa uani, akialikwa hapa na kufuzu pale. Septemba 2020 alikuwa wa sita kwa kugawana katika US Open. Aprili 2021 alikuwa wa pili katika Masters, nyuma kwa mkwaju mmoja tu. Mwisho wa msimu alitangazwa kuwa mchezaji mpya bora wa mwaka, lakini hakuruhusiwa kucheza mashindano ya kufungia msimu yenye fedha nyingi, kwa kuwa hakuwa mwanachama kamili.

Na nani aliyemshinda Zalatoris katika Masters ile? Ni Hideki Matsuyama, yule yule ambaye 63 yake ilifutwa. Akawa Mjapani wa kwanza mwanamume kushinda moja ya mashindano manne makuu.

Kwa wanawake yuko Sophia Popov wa Ujerumani. Mwaka 2020 hakuwa na kadi kamili ya mfululizo mkuu wa wanawake. Mashindano makubwa yaliposimama, yeye alikuwa akicheza na kushinda katika mashindano madogo ya huko Arizona. Mwezi wa Julai alimbebea fimbo rafiki yake Anne van Dam kama kedi. Kisha, kwa kuwa wachezaji wengi hawakusafiri, nafasi zikapatikana, akaingia mashindano ya Ohio, akafanya vizuri, na kwa hayo akapata nafasi katika Open ya wanawake huko Royal Troon, Scotland. Alifika akiwa wa 304 katika viwango vya dunia, akashinda kwa mikwaju miwili. Hata baada ya hapo, mwezi uliofuata hakuruhusiwa kucheza shindano kubwa la ANA Inspiration huko California, kwa kuwa orodha ya wachezaji ilikuwa imekwisha kufungwa tangu kabla ya ushindi wake. Ubingwa anao, mlango umefungwa!

Nimewatajia hawa wawili si kwa kusema kwamba juhudi hushinda yote. Vijana huambiwa hivyo kila siku, na ni nusu ya kweli. Hawa ndio waliopenya. Kwa kila mmoja aliyepenya wako wengi waliokuwa na kipaji, wakaishiwa nauli kabla mlango haujafunguliwa, wakaenda kutafuta kazi nyingine. Majina yao hayakuandikwa popote.

Sasa nashuka ghorofa ya chini, ambayo ndiyo niijuayo kwa macho. Hapa kwetu amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020, na kuanzia tarehe 6 Aprili ikawa hakuna kuingia wala kutoka Nairobi. Vilabu vilifungwa. Katika klabu niliyokuwa nikiandika hesabu zake, ambayo sitaitaja, wafanyakazi walioajiriwa walipewa nusu mshahara, wakashukuru. Makedi hawakuwamo katika orodha ya mishahara. Kedi hulipwa na mwanachama, raundi kwa raundi, fedha mkononi. Asubuhi akipata mfuko mmoja, watoto watakula, na akipata miwili, atalipa na deni la dukani. Siku lango lilipofungwa, jina lake lilikuwa katika daftari la kupanga zamu tu, na daftari hilo halikuwa na safu ya fedha.

Juma la tatu wazee kadhaa wa makedi walikuja langoni kuuliza kama kuna chochote. Jibu waliloletewa ni fupi: ninyi si waajiriwa wa klabu. Baadaye baadhi ya wanachama walichanga unga, mafuta na sabuni, na Mungu awabariki. Lakini mchango ni hisani, huja leo na kesho usije. Hata viwanja vilipoanza kufunguliwa, katika sehemu nyingi za dunia mchezaji aliruhusiwa kuingia na kedi akaambiwa angoje nje. Bendera isiguswe, reki ya mchanga isiguswe, na mfuko abebe mwenyewe. Kwa ajili ya afya ilikuwa sawa. Kwa sufuria ya kedi ilikuwa miezi mingine ya kungoja.

Bwana Mwenyekiti, sasa narudia ile hesabu. Jibu lile la kwamba si mwajiriwa nimelifikiria sana. Wale wachezaji wa Florida waliopewa dola 52,083 kila mmoja nao si waajiriwa wa mtu. Ni watu wanaojitegemea, kama kedi alivyo. Hawakumaliza mashindano, wala mshindi hakupatikana. Hata hivyo wenye mchezo walisema: hawa wamefika, wameacha kazi nyingine kwa ajili yetu, hawawezi kuondoka mikono mitupu. Na The Open ilipofutwa, waandalizi wake walikuwa na bima. Basi kumbe inawezekana kumlipa asiye mwajiriwa, na inawezekana kujiwekea akiba ya siku ya msiba. Kinachotakiwa ni mtu mwenye sauti aliwaze kabla ya msiba kufika. Ghorofa ya juu iliwaziwa. Ya chini haikuwaziwa, kwa sababu hapakuwa na kedi aliyeketi katika kamati.

Kenya Open ilirudi mwezi wa Machi 2021, bila watazamaji. Palichezwa mashindano mawili mfululizo pale Karen ili kufidia: la kwanza alishinda Justin Harding, na la pili, Kenya Savannah Classic, Daniel van Tonder, wote wa Afrika Kusini. La pili lilimalizika tarehe 26 Machi. Siku ile ile serikali ilitangaza kufunga tena kaunti tano, Nairobi ikiwamo, na michezo ikasimamishwa. Wageni walipanda ndege na zawadi zao. Makedi wa vilabu vyetu walirudi nyumbani kungoja mara ya pili, na mara hii ya pili nayo iliwakuta hawana akiba, kama ya kwanza.

Kwa hiyo nina ombi kwa wazee wenzangu. Wengi wenu ni wanachama wa vilabu, na wengine mmo katika kamati. Siku ya mkutano mkuu simameni mwulize swali moja: lango letu likifungwa kesho kwa miezi mitatu, kedi wetu atakula nini? Pendekezeni kwamba katika kila raundi inayochezwa ikatwe sehemu ndogo, iwekwe katika mfuko wenye majina yao, na wao wawe na mtu wao katika kuusimamia. Pendekezeni wasaidiwe kuingia katika bima ya afya. Mwanachama anayelipia mipira anayoipoteza majanini hatashindwa na hilo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba chenyewe kiwepo.

Nanyi vijana, mwaka ule mlikuwa wadogo. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na wengi walirudi Januari 2021. Mnajua wenyewe kwamba miezi ile haikuwa sawa kwa wote. Kuna waliofundishwa nyumbani kwa simu na kompyuta, na kuna waliokwenda kuchunga, kuuza mboga au kubeba fimbo. Miongoni mwenu hapa wamo watoto wa makedi, nami nawafahamu baba zao. Ombi langu kwenu ni kwamba siku mtakapokalia viti vya kupanga mambo, kama ni ya mchezo, ya shule au ya nchi, mkumbuke kuuliza nani hayumo katika orodha. Msingoje janga liwaonyeshe.

Nisije nikawachosha, nakomea hapa. Bwana Mwenyekiti, kama mkutano utakubali, ningependa swali hilo la makedi liandikwe katika kumbukumbu za leo, ili mwaka ujao tuulizane ni vilabu vingapi vimelijibu.